Kupanga Fomati Kwenye Mikseri ya Video Kabla ya Kwenda Mubashara

Tangu Serikali ihamie Dodoma, makongamano na semina zinazorushwa mubashara zimekuwa nyingi, na sisi tunaokaa nyuma ya mikseri ya video, kifaa cha kuchagua picha ya kamera ipi irushwe, tumezoea kukuta ukumbini vifaa vilivyokusanywa kutoka kwa watu tofauti: kamera moja imenunuliwa Kariakoo, nyingine imeletwa na ndugu kutoka Marekani, na laptop ya mtoa mada haijulikani inatoa picha ya aina gani. Zamani mchanganyiko huo usingewezekana. Mikseri ya ATEM Television Studio ya mwaka 2011 ilidai kila chanzo kifike katika fomati ileile (ukubwa wa picha na idadi ya fremu, yaani picha moja moja, kwa sekunde), ilhali ATEM Mini ya mwaka 2019, kutoka kwa Blackmagic Design haohao, ina kigeuzi cha fomati kwenye kila tundu la HDMI la kuingizia picha. Urahisi huo umewafanya wengi waamini kwamba suala la fomati limekwisha. Kwa maoni yangu, kigeuzi kiachiwe laptop, na kamera zipangwe zenyewe kabla hazijachomekwa.

Sababu ya kwanza ni umeme wetu. Umeme wa Tanzania ni wa Hz 50 (mizunguko 50 kwa sekunde, kila mmoja ukiipandisha nuru ya taa mara mbili), kwa hiyo taa za tyubu, ambazo bado zimejaa katika kumbi zetu, huongezeka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila macho kutambua. Kamera iliyopangwa kwenye PAL, mfumo wa video unaoendana na umeme wa Hz 50, yenye fremu 25 au 50 kwa sekunde na shata (muda wa kupokea mwanga katika kila fremu) ya 1/50 ya sekunde, hukusanya mizunguko miwili kamili ya mwanga katika kila fremu, na picha hutulia. Kamera iliyobaki kwenye NTSC, mfumo wa Marekani, yenye fremu 29.97 au 59.94, ikitumia shata ya 1/60 hukusanya mwanga usiolingana kutoka fremu moja hadi nyingine, na ukuta mweupe nyuma ya mgeni rasmi huanza kupwita. Mikseri haiwezi kulitibu tatizo hilo, kwa kuwa limekwisha kuingia ndani ya picha. (Jenereta lililozidiwa na mzigo ni balaa jingine, kwa kuwa Hz zenyewe hushuka.)

Sababu ya pili ni hesabu. Ili kugeuza fremu 60 kuwa 50, njia iliyozoeleka ni kuitupa fremu moja katika kila sita. Slaidi iliyosimama haidhuriki kabisa, na ndiyo maana laptop naiachia kigeuzi bila wasiwasi. Lakini kwaya ikiingia ukumbini kwa mwendo wa madaha, au kamera ikigeuzwa taratibu kufuata msafara wa wageni, mtazamaji huona picha ikijikwaa kila baada ya muda mfupi. Kamera nyingi za Sony na Canon hukubali kuhamishwa kutoka NTSC kwenda PAL katika menyu. Baadhi hudai kadi ifomatiwe upya, hivyo jambo hilo lifanywe siku moja kabla, wala si mgeni rasmi akiwa mlangoni.

Kuhusu fomati ya mikseri yenyewe, mimi huchagua 1080p50, yaani mistari 1080 na fremu kamili 50 kwa sekunde. Fomati ya 1080p25 ingeupunguzia intaneti mzigo, lakini baadhi ya projekta na televisheni za ukumbini huikataa na kuandika kwamba hakuna mawimbi, na kulitafuta kosa hilo huku watu mia tatu wakitazama skrini ya buluu si jambo la kumtakia mtu.

Fomati hiyo ichaguliwe kwa mkono katika programu ya kuendeshea mikseri. ATEM Mini ikiachwa ijiamulie, hufuata chanzo cha kwanza kuchomekwa. Kwa hiyo anayeanza na laptop anaweza kujikuta kazi nzima iko kwenye 1080p60 ilhali kamera zake zote ni za 50. Laptop nayo ipangwe kutoa 1920 kwa 1080, kwa sababu ukubwa wa 1366 kwa 768 uliozoeleka katika laptop za bei nafuu si fomati ya video. Nembo na picha za majina zipakiwe baada ya fomati kuwekwa, kwa kuwa kuibadilisha kunaweza kuzifuta.

Kugeuza fomati huchukua muda. Katika 1080p50 fremu moja ni milisekunde 20, na picha ikicheleweshwa na kamera, kisha na mikseri, sauti inayotoka moja kwa moja kwa fundi sauti hutangulia midomo. Mtu apige makofi mbele ya kamera, kisha sauti icheleweshwe fremu moja moja hadi mlio ukutane na viganja.

Kituo cha televisheni kikiomba mawimbi katika 1080i50, fomati ya nusu-fremu 50 kwa sekunde, mikseri ibaki ilivyo na ugeuzaji ufanyike kwenye waya wa kutoka. Kila fremu ya 1080p50 hutoa uwanda mmoja wa 1080i50, yaani nusu ya mistari yake, na mwendo hubaki laini kwa kuwa hakuna fremu inayorukwa.