Kuzamia Maskati Kiangazi, Maji Baridi Yakipanda kutoka Kilindini

Mwezi wa Julai Maskati hewa hupita nyuzi 40 na maji ya juu huwa 31 au 32. Ukichovya mguu ubavuni mwa boti, huamini kwamba mita 12 chini kuna maji ya nyuzi 22. Na si kila siku yapo, ndiyo maana yanawakuta watu wamevaa fulana nyepesi ya kukingia jua tu. Nazamia hapa hapa, Kisiwa cha Fahal, Bandar Khayran na visiwa vya Daymaniyat, na nimeshaacha kuuliza kama leo kuna baridi. Nachukulia ipo, napanga kwa hesabu hiyo, na isipokuwepo sipotezi kitu zaidi ya jasho.

Chanzo ni upepo. Pwani ya Maskati imelala kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na bahari iko upande wa kaskazini-mashariki. Upepo wa kusini-mashariki ukiambaa na pwani siku kadhaa mfululizo, maji ya juu hayafuati upepo moja kwa moja. Mzunguko wa dunia huyapeleka kulia kwake, yaani baharini nje. Nafasi yao hujazwa na maji ya kilindini, baridi na yenye rutuba. Waliojifunza Unguja au Pemba hushangaa, na wana haki. Kusini mwa ikweta maji husukumwa kushoto mwa upepo, kwa hiyo kusi huyaleta pwani badala ya kuyaondoa. Kule Agosti unakuta nyuzi 25 au 26 na karibu hali ni ile ile mpaka chini. Hapa unapita kwenye mpaka wa maji ya moto na ya baridi: mkono wa juu uko kwenye 30, mapezi yako kwenye 23.

Kwa hiyo kabla ya kutoka naangalia upepo wa siku tatu nne zilizopita kuliko wa leo. Ramani za joto la bahari zinazotoka kwenye setilaiti ni nzuri, ila zinapima ngozi ya bahari tu. Zinaweza kuonyesha 31 huku baridi imejilaza mita kumi chini yake. Ramani ikionyesha doa baridi juu, basi maji ya kilindini yameshafika usoni na hali ya chini usiitilie shaka. Kipimo ninachokiamini zaidi ni boti iliyotangulia: nawauliza waliopanda mlikuta mpaka huo kwenye mita ngapi, chini digrii ngapi, na unaona umbali gani. Hata hivyo tabaka hilo hupanda na kushuka ndani ya siku moja, kwa hiyo jibu la asubuhi silibebi mpaka alasiri.

Mavazi. Navaa suti nzima ya milimita 5, na kofia ya neopreni (mpira laini wa suti za kuzamia) ya milimita 3 naikunja mfukoni mwa jaketi la kuelea. Kofia hiyo ina faida kuliko kuongeza unene wa suti, kwa sababu inavalika hata ukiwa chini na inaziba baridi shingoni. Suti ya 3 hutosha kwenye maji ya 27. Kwenye 22, dakika ya ishirini unaanza kukaza taya. Kumbuka pia kwamba mita 20 shinikizo ni bar 3. Viputo vya gesi ndani ya neopreni hubanwa, na suti hupungua joto lake pale pale unapolihitaji.

Kutoka suti ya 3 kwenda ya 5 naongeza risasi, yaani uzito wa kunizamisha, kilo 1.5 hadi 2, kisha napima: mtungi ukiwa na bar 50, jaketi halina hewa, pumzi ya kawaida, maji yasimame usawa wa macho. Maji baridi ni mazito kidogo kuliko ya moto, hivyo ukivuka mpaka unakuwa mwepesi kama robo kilo hivi. Unahisi umesimamishwa, kama umekalia mto. Usiongeze risasi kwa ajili ya hilo. Pumua nje, utapita.

Hatari ya kwanza iko juu ya boti, na ni joto. Ukifunga zipu mapema kwenye nyuzi 42 utaingia majini umeshachoka na mwili umepungukiwa maji. Suti naiacha kiunoni, nakunywa maji, nafanya ukaguzi wote wa vifaa, na zipu ndiyo ya mwisho. Nikichelewa kuruka, najimwagia ndoo ya maji ya bahari.

Kuna jambo la mtungi ambalo huwatia watu wasiwasi. Mtungi uliokaa juani ukasoma bar 210 kwa nyuzi 40, ukifika kwenye maji ya 22 utasoma kama 198 bila hata pumzi moja. Hauvuji. Ila hewa hiyo ya bar 12 haikuwahi kuwa yako, basi mpango wangu naanzia 198. Regulata, kifaa cha kupumulia, kuganda na kumwaga hewa usihofu. Hilo ni tatizo la maji yaliyo chini ya nyuzi 10.

Kinachokula hewa ni mwili. Mtu anayetumia lita 16 kwa dakika akiwa juu ya maji, kwa mita 20 anakula lita 48, yaani bar 4.3 kila dakika kwenye mtungi wa lita 11.1. Baridi ikimpandisha hadi lita 22, inakuwa bar 6. Mzamio wa dakika 30 unakuwa wa karibu dakika 22 kwa hewa ile ile. Ndiyo maana tunageuka kwenye bar 110, si 100, na kila mmoja huonyesha geji yake dakika tano tano.

Mpaka wenyewe unauona kabla ya kuugusa: maji yanatetemeka na mwamba wa chini unaonekana kwa ukungu. Hapo nasimama mita moja juu yake, navaa kofia, nasubiri pumzi zitulie, ndipo nashuka polepole huku natoa pumzi ndefu. Anayepita kwa kasi hushtuka, huvuta pumzi fupi fupi, na dakika mbili za mwanzo humla bar 20. Usitegemee kompyuta ya kuzamia iliyo mkononi ikuambie umeingia. Kipimajoto chake huchelewa dakika kadhaa. Ngozi inajua mapema.

Samaki nao wanasema. Ukiwakuta wote wamejazana juu ya mpaka na chini ni patupu, mara nyingi maji yaliyopanda hayana oksijeni ya kutosha. Wewe unapumua ya mtungi, halikuhusu, lakini hakuna la kutazama chini. Nabaki juu.

Maji yakishakaa siku chache kwenye jua, rutuba hiyo huotesha vijimea na bahari hugeuka kijani. Mita 20 za kuona huwa 4. Nachukua uelekeo wa dira nikiwa bado juu, tochi inawashwa hata mchana, na mwenzangu hakai mbali zaidi ya mikono miwili. Mkondo nao unaweza kwenda upande mmoja juu ya mpaka na upande mwingine chini yake, hivyo nahodha akifuata mapovu tu anaweza kudanganyika. Narusha boya la kuashiria nikiwa nimeshavuka kurudi kwenye maji ya moto, maana kwa vidole vilivyoganda kamba ya boya hunasa kwenye gurudumu lake la kukunjia.

Kipimo cha kuacha: gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho. Visipokutana vizuri, kitufe cha jaketi nacho utakikosa. Mtetemeko wa kwanza usioweza kuuzuia, tunapanda, bila mjadala, hata kama geji inasoma 140.

Kuhusu nitrojeni, gesi ya hewa ya mtungi inayoingia mwilini ukiwa chini, mpangilio wa hapa kwa kawaida unatusaidia: baridi chini, moto kwenye kituo cha mita 5 tunaposimama kabla ya kutoka majini. Majaribio ya Jeshi la Majini la Marekani yaliyotolewa 2007 yaligundua kwamba kuwa na joto chini kisha baridi wakati wa kupanda ndiko kulikoleta zaidi ugonjwa wa mgandamizo, yaani viputo vya gesi hiyo mwilini, na "baridi" yao ilikuwa nyuzi 27 tu. Basi maji ya kilindini yakiwa yamefika mpaka juu, kituo cha mita 5 nacho ni baridi. Siku hiyo nafupisha muda wa chini na kuweka kompyuta kwenye hesabu kali zaidi. Siku ya kawaida nakaa dakika 5 badala ya 3, ndani ya maji ya moto.

Mzamio wa pili naufanya juu ya mpaka. Saa nzima ya mapumziko naivua suti kabisa, kwa sababu neopreni mbichi kwenye upepo wa boti inayokwenda hukupoza hata hewa ikiwa 40, na anayeanza wa pili akiwa bado baridi hafiki dakika kumi na tano.