Hapa Hakuna Flora Idi

Januari 2020 nilikuwa na kazi ya kupiga simu. Si ile ya huduma kwa wateja, ya utafiti. Tulikuwa wanane kwenye chumba kimoja ghorofa ya pili, Sakina hapa Arusha, kila mmoja na kishikwambi chake na waya masikioni, tunawapigia watu wa Arumeru kuwauliza maji wanayokunywa. Mradi wenyewe sitautaja. Walichotaka ni kujua wananchi wana uelewa gani kuhusu floraidi.

Kwa asiye wa huku: miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru yana floraidi, na maji yakipita humo yanaibeba. Ikizidi, meno ya mtoto yanaota na madoa ya kahawia. Ikizidi sana, kwa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa, ndipo unapoona watoto wenye matege na wazee ambao mgongo umekataa kuinama. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tulijiruhusu hadi 4, kwa sababu ukishikilia 1.5 kuna vijiji vitabaki bila pa kuchota. Kuchemsha hakusaidii kitu. Maji yanapungua, floraidi inabaki palepale.

Mimi ni mtoto wa Usa River. Meno yangu ya mbele yana rangi ya chai ya rangi iliyokaa jikoni muda mrefu. Nilipokwenda kusoma Dar, msichana niliyekaa naye chumba kimoja aliniletea mswaki mpya wiki ya kwanza, akauweka juu ya kitanda changu bila kusema neno. Alikusudia wema. Tangu siku hiyo nikawa nacheka mkono ukiwa mdomoni, na kwenye usaili wa kazi nilijibu maswali kama mtu anayepuliza mshumaa. Ndiyo maana ile kazi niliipenda kuliko ilivyostahili kwa malipo yake. Kwenye simu mtu hana meno.

Ila mwezi wenyewe ulikuwa mbaya. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilikuwa zinazimwa kuanzia tarehe 20, baada ya kusogezwa mbele kutoka Desemba, na watu walikuwa wameshinda kwenye foleni za NIDA, za vitambulisho vya taifa, hadi wamechoka. Namba ngeni ikiita, anajua ni mtandao unataka kumfungia laini. Au ni tapeli. Zama zile kila mtu alikuwa ameshapokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", kwa hiyo ukisema tu "nakupigia kutoka Arusha, nina maswali machache", unasikia mtu anamwambia mwenzake pembeni, "Ni walewale." Simu inakatwa.

Akikaa kwenye simu, tunamsomea maelezo ya ridhaa. Humo kulikuwa na sentensi inayosema namba yake imechaguliwa na kompyuta kwa bahati nasibu. Aliyeiandika alitaka kusema kwamba hatukumlenga yeye wala ukoo wake. Lakini mwambie Mtanzania neno bahati nasibu kwenye simu. "Nimeshinda shilingi ngapi?" aliniuliza baba mmoja wa Leganga, na nilipomweleza kwamba atapata vocha ya shilingi elfu mbili mwisho wa mahojiano, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hakuna zawadi ya kwanza. Wiki ya pili sentensi ikabadilishwa, ikawa "bila mpangilio maalumu". Mama mmoja akatuambia basi tujipange kwanza ndipo tupige.

Tuliagizwa kusoma dodoso neno kwa neno, na kwa kweli kuna sababu. Nikiuliza mimi hivi na jirani yangu vile, mwisho hatutajua waliotofautiana ni wahojiwa au ni sisi. Nililikubali hilo. Nilichokataa ni kuanza na "habari za saa hizi" kwa mtu mwenye sauti ya mzee. Niliweka shikamoo mwenyewe, nikipima umri kwa sikio, na siku moja nikamwamkia binti wa kidato cha tatu ambaye alicheka hadi simu ikamponyoka.

Sasa swali la 7. Lilisomeka hivi: "Je, umewahi kusikia kuhusu floraidi?" Ndiyo, 1. Hapana, 2. Sijui, 88. Amekataa kujibu, 99. Mtu akijibu 2, kishikwambi chenyewe kinaruka hadi swali la 19, la kaya na chanzo cha maji. Maswali yote ya katikati, meno, mifupa, magadi, kuchemsha, mkaa wa mifupa wa kuchujia, hayaonekani tena. Kwa aliyeyatunga ilikuwa sawa: utamuulizaje mtu madhara ya kitu ambacho hajawahi kukisikia?

Siku ya kwanza mwenzangu alikuwa anampigia fundi baiskeli wa Kikatiti. Akasoma swali la 7. Fundi akafikiri, kisha akajibu kwa upole, "Dada, hapa hakuna Flora Idi. Kuna Flora mke wa mwenyekiti, lakini huyo si Idi." Chumba kizima kilianguka. Mimi nilicheka mdomo wazi, sikukumbuka mkono. Jioni ile Flora Idi akawa mtu wetu. Mtu akirudi kutoka chai anaulizwa, "Flora Idi kapatikana?" Hajapatikana. Hapana, hapana, hapana, ruka 19.

Msimamizi wetu alifurahi, maana mahojiano yalikuwa mafupi na lengo la kumi na mbili kwa siku lilifikiwa kabla ya saa kumi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa jedwali.

Kulikuwa na upungufu mwingine tuliouona wote na kuunung'unikia wakati wa chai tu: tulikuwa tunazungumza na wanaume. Simu ni ya baba. Ukiomba mwanamke wa kaya, unaambiwa, "Ongea na mimi, maji nayajua." Humo ndani anayechota ni mwingine. Ndiyo maana nilifurahi siku ile simu ilipopokewa na mwanamke, upande wa Ngarenanyuki, nyuma ya mlima kule kwenye nyanya. Akaniambia ngoja, apande kwenye kichuguu, ndipo netiweki inakamata. Nikasikia anahema, nikasikia kreti linaburutwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sema haraka, gari la nyanya linakuja."

Nikasoma ridhaa, akakubali. Umri, hamsini na mbili. Elimu, darasa la saba. Swali la 7.

"Flo nini?"

"Floraidi, mama."

"Hapana, sijawahi."

Nikabonyeza 2. Kishikwambi kikaruka. Swali la 19, watu wangapi wanalala kwenye kaya, sita. Swali la 20, chanzo kikuu cha maji ya kunywa.

"Inategemea," akasema. "Ya mtoto au ya mkubwa?"

Hapakuwa na kibonye cha hilo. Nikasoma swali tena neno kwa neno, kama tulivyofundishwa.

"Mwanangu, sikiliza. Kuna chemchemi ya juu na kuna kijito cha chini. Ya juu ni maji meupe, mazuri kuangalia, ukichota ndoo unaona hadi chini. Hayo ndiyo mabaya. Ya kijito yana tope, unayaacha yatulie, lakini hayachafui meno. Mimi nilikuja huku nimeolewa, kwetu Marangu. Mtoto wangu wa kwanza nilimwacha kwa mama yangu hadi alipoanza shule. Meno yake ukiyaona, maziwa. Hawa watatu wa huku, wote wa kahawia. Baba mmoja, mama mmoja."

Nikamuuliza, nje kabisa ya dodoso, kama hawakuzaliwa na meno mazuri.

"Ya utoto yalikuwa mazuri! Ndiyo yalinidanganya. Nikasema hawa wamepona. Yalipong'oka, yakaja haya mengine yameshapakwa. Na mimi nakunywa maji hayohayo mwaka wa ishirini na ngapi, meno yangu hayajabadilika. Haya maji hayamwonei mtu mzima kwenye meno, yanavizia watoto. Wa mwisho nikawa nampa ya mvua, nakinga kwenye pipa, na magadi nikayatoa kwenye chakula chake. Mama mkwe akasema namdekeza."

Nimesoma baadaye vitu virefu kuhusu jambo hili, vya watu waliopima sampuli na kuhesabu meno. Jino linaharibika linapojengwa, likiwa bado ndani ya ufizi, ndiyo maana anayekuja mkubwa meno yake yanabaki kama alivyokuja nayo. Magadi tunayotia kwenye makande yalainike nayo yana floraidi yake. Maji ya mvua karibu hayana. Yote aliyasema yule mama, amesimama juu ya kichuguu, na kwenye skrini yangu alikuwa mtu asiyejua kitu.

Nikamuuliza kama huyo wa mwisho alipona.

"Nusu. Mvua ikikatika pipa linakauka. Kijito nacho kinakauka. Tunarudi juu. Kwani tutakunywa nini?"

Kisha akauliza yeye.

"Wewe mwenyeji wa wapi?"

Kanuni ilikuwa wazi: mdodosaji hatoi habari zake, asije akamwelekeza mhojiwa.

"Usa River, mama."

"Basi unayo."

"Ninayo."

"Ya mbele?"

"Ya mbele yote."

Akaguna ile guno ya kinamama, ndefu, inayoshuka. Halafu gari la nyanya likapiga honi, akasema vocha nimtumie kwenye namba hiihii, na huyo Flora tukimpata tumpe pole. Akakata.

Mahojiano yalikuwa yanarekodiwa. Kesho yake asubuhi msimamizi aliniita, akanisikilizisha kipande cha mwisho, kuanzia "Wewe mwenyeji wa wapi". Kusikia sauti yako ikisema "ya mbele yote" mbele ya mtu usiyemzoea si jambo dogo. Nikajikuta nimefunga mdomo kwa kiganja, na mdomo wenyewe ulikuwa umefungwa. Akasema dakika kumi na nne kwa mahojiano ya dakika tano ni nyingi, na kwamba ningeweza kuondolewa.

Nikamwambia huyu mama anajua. Tumrudishe nyuma, tubadilishe 2 iwe 1, tumuulize ya katikati.

"Alijibu nini swali la 7?"

"Hapana."

"Basi ni hapana. Tukianza kubadilisha majibu kwa sababu mtu katufurahisha, kesho tutabadilisha mangapi?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo silioni kosa lake kwenye sentensi hiyo. Kosa lilikuwa kwenye swali, na swali lilikuwa limeshapitishwa ngazi za juu kuliko zake na zangu. Nilimwambia basi tuulize "maji yanayochafua meno". Akasema ataliandika kwenye ripoti ya wiki. Huenda aliliandika. Sisi tuliendelea na Flora Idi hadi mwisho wa mwezi.

Akaniruhusu kitu kimoja. Mwisho wa dodoso kulikuwa na kisanduku cha maoni mengine, ambacho hakuna aliyekuwa anakijaza. Kilipokea herufi 150, nafasi zikihesabiwa. Nilirudi kwenye meza yangu, nikafungua mahojiano ya Ngarenanyuki, nikafuta nikaandika, nikafuta tena nikaandika, hadi kikagoma kupokea:

"Maji ya juu yanaharibu meno, ya chini hapana. Wa kwanza kalelewa Marangu, meno meupe. Watoto hawapewi magadi. Mvua ikikatika wanakunywa hayohayo ya ju"