Nachora mipaka ya bahari nikiwa Nairobi

Saa kumi na mbili asubuhi. Foleni ya matatu Rongai, baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye mifupa. Nikiulizwa kazi yangu husema nachora ramani, basi. Nikitaja hifadhi za bahari, huulizwa samaki gani wako Upper Hill, hapa Nairobi.

Saa mbili na nusu. Nafungua picha za setilaiti za joto la maji pwani ya kusini. Hifadhi za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na joto la 1998 lilipofika halikujali mpaka wa mtu: matumbawe yalipauka na kufa ndani ya hifadhi kama nje. Maji yakizidi joto la kawaida la mwezi ulio moto zaidi kwa digrii 1, hali hiyo ikadumu wiki nne, kupauka huanza. Kwa hiyo siku hizi hatutafuti tu mahali penye samaki wengi leo, tunatafuta mahali patakapobaki na ubaridi. Upande wa Shimoni una bahati hiyo, kwa sababu mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya kisiwa cha Pemba na bara, una kina kirefu na maji baridi hupanda kutoka chini. Tena mkondo wa bahari huelekea kaskazini, ukibeba mabuu ya samaki. Ukilinda kusini, walio juu wanapata mbegu.

Kompyuta imenipa boksi zuri sana la eneo la kufungwa kwa uvuvi. Nimelipenda, na hapo ndipo nilipokosea.

Saa nne. Nampigia mzee mmoja mvuvi wa huko.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Ile ramani yako nimeonyeshwa. Kusi ikivuma, sisi wa mitumbwi tutavua wapi? Nje ya mwamba hatutoki. Umetufungia jikoni.”

Nikanyamaza. Akaendelea: “Funga mlango, ule mwanya wa mwamba. Samaki tafi wanakusanyika pale kutaga, mwezi mpevu ukishapita, wakati wa kaskazi. Huko ndiko tunakowamaliza.”

Saa saba, ugali na sukuma kibandani. Tilapia ilikuwepo, sikuitaka.

Saa nane. Naanza upya: ndani ya mwamba panabaki wazi kwa mitego ya malema na mshipi, wavu wa kukokota, juya, marufuku, mlango na mwamba wa nje vinafungwa. Saa tisa na robo stima ikapotea. Sikuwa nimehifadhi faili. Nilisema maneno ambayo mama hakunifundisha.

Saa kumi na mbili na nusu jioni kazi imerudi ilipokuwa. Boksi limekuwa na umbo la ajabu, kama kiatu kilichokanyagwa. Bosi atauliza.

Saa moja na nusu usiku, Lang'ata Road, magari hayasogei. Sauti ya mzee inaingia kwenye simu: “Hizo namba zako za mpaka sisi hatuzioni majini. Andika hivi: mnara wa msikiti ukikaa juu ya mnazi uliopinda, hapo ndipo mwisho.”

Nimemwomba anitumie picha ya huo mnazi.