Kamera na kompyuta zilipogoma kuzungumza

Kadi rida yangu, kile kifaa cha kusomea kadi ya kamera kwenye kompyuta, ilikufa wiki ileile niliyopiga picha za harusi kijijini Wawi, hapa Pemba. Picha 612 zimo ndani ya kadi moja, na mama yake bi harusi ameshanipigia mara mbili: "Mwanangu, picha za mwanangu zi wapi?" Madukani Chake Chake siku hiyo sikupata nyingine, na ya kuagiza Unguja ingengoja boti. Njia iliyobaki ni kuichomeka kamera yenyewe kwenye kompyuta kwa waya, kitu ambacho sijakifanya miaka.

Kompyuta yangu ni ya mezani, mtumba wa soko la Darajani, Unguja, inatumia Windows 7. Sipiyu, yaani lile kasha lake, ina matundu mawili ya USB mbele na sita nyuma, manne meusi na mawili ya buluu. Kamera ina tundu la mini-USB, lile dogo nene lililotangulia la simu. Droo nzima nilipata waya mmoja tu wa kuliingia.

Nikachomeka mbele, kimya. Nyuma kwenye buluu, kimya. Kwenye nyeusi, kimya vilevile. Hapo nikafanya kosa lililonila saa nzima: nikaingia kwenye menyu ya kamera, nikabadilisha namna ya kuunganisha, huku nikihamisha waya tundu hadi tundu. Mwisho sikujua tena nimejaribu nini na nini. Nikarudisha kila kitu kilivyokuwa, nikachukua karatasi na kalamu, nikaamua kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Nilianza na waya. Jirani yangu, mwalimu wa skuli, ana diski ya nje ya zamani, ya kuhifadhia mafaili, yenye tundu kama la kamera yangu. Nilimwomba aje nayo pamoja na waya wake. Kwa waya wangu, taa ya diski iliwaka lakini kompyuta haikuiona. Kwa waya wake, ikafunguka mara moja. Nikauchana wangu kwa wembe: ndani mna nyuzi mbili tu, nyekundu na nyeusi. Hizo ni za umeme. Zinazobeba data, kwa kawaida ya kijani na nyeupe, hazimo kabisa. Ulikuwa waya wa kuchajia, na kwa nje huwezi kuutofautisha na mzima.

Kwa waya wa mwalimu mambo yakawa mengine. Tundu la mbele likatoa mlio, kisha ujumbe kwamba kifaa hakitambuliki. Buluu, kimya. Nyeusi la nyuma, mlio, na baada ya muda jina la kamera likatokea kwenye skrini. Mwalimu akasema, "Alhamdulillahi, usiiguse tena."

Sikuigusa. Nilikuwa nimeijaza betri ya kamera mapema, maana ikizima katikati ya kunakili, faili linaweza kufika nusu. Nikanakili zote, bila kuhamisha hata moja, nikahesabu: 612 huku, 612 kule. Ndipo nikashusha pumzi.

Usiku nikarudi kwenye yale matundu mengine, kwa sababu nilitaka kujua. La buluu ni USB 3.0, iliyotoka 2008. Windows 7 ilikuja 2009 lakini haikubeba ndani draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kulitumia tundu hilo. Ni kuanzia Windows 8 ndipo ikawamo. Mtu akiweka Windows upya asitie draiva za mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, matundu ya buluu hubaki mapambo, na ndivyo mashine yangu ilivyouzwa. Nilipakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa mazabodi, nikaiwasha kompyuta upya, matundu yakafanya kazi. Kamera yangu haikuongeza kasi hata chembe, kwa kuwa yenyewe ni ya USB 2.0, ambayo ukomo wake ni megabiti 480 kwa sekunde, hata uichomeke kwenye tundu la megabiti 5,000.

La mbele lilikuwa na ugonjwa mwingine. Matundu ya nyuma yameshikana na mazabodi yenyewe, lakini ya mbele yanafuata waya mrefu unaopita ndani ya sipiyu. Nilizima, nikachomoa umeme, nikafungua ubavu. Pini ambapo waya ule unaingia zilikuwa na kutu ya kijani, kazi ya upepo wa bahari. Nilizisafisha kwa mswaki mkavu na spiriti, nikaacha zikauke hadi asubuhi. Flashi sasa inakubali pale mbele. Kamera bado naichomeka nyuma.

Kadi sikuifuta. Niliiweka kwenye kiboksi mpaka mama yake bi harusi alipokuja na flashi yake, akakaa kwenye kiti cha wateja, akazitazama picha moja moja tangu ya kwanza. Alipofika pale bi harusi anapotolewa nje, aliniambia, "Ngoja, usiipitishe hii."