Granita ya kahawa, kwa sukari ya mama

Februari hii joto la Tabata lilikuwa halilaliki. Jumamosi moja nikasema kahawa ya moto basi, leo nafanya granita, kitamu cha Kiitaliano cha kahawa ya sukari iliyogandishwa na kukwanguliwa chengachenga.

Waitaliano wana vitamu vingine vya kahawa. Tiramisu, ile ya biskuti zilizochovywa kwenye kahawa na krimu juu, nilishaijaribu mwaka jana. Tamu kweli, lakini bei ya ile jibini laini ya maskapone inauma, na mayai mabichi kwenye joto letu siyaamini. Affogato nayo ni ya dakika mbili: aiskrimu ya vanila, unaimwagia espreso ya moto, ile kahawa nzito ya mashine, unawahi kabla haijayeyuka. Granita ndiyo iliyonishika moyo. Kule Sisilia, kisiwa cha Italia, hasa mji wa Messina, watu huila asubuhi, krimu juu na mkate laini wa brioshi pembeni. Nao ni watu wa bahari na jua kali.

Mashine ya espreso sina. Nina birika la moka, la kuchemshia kahawa jikoni, lile la pembe nane alilolitoa Alfonso Bialetti mwaka 1933. Kahawa yake si espreso kamili, maana mashine husukuma maji kwa shinikizo la takriban mara 9 ya lile la hewa, na moka haifiki hata 3. Kwa granita inatosha kabisa. Kahawa yangu ni arabika ya Kibosho, baba mkwe hututumia kwa basi kutoka Moshi. Moto uwe mdogo, na birika likianza kukoroma liepue papo hapo, la sivyo utaonja kahawa iliyoungua.

Mara ya kwanza niliweka vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu lita. Nikaonja, nikaridhika, nikaweka friza. Nilipokuja kuitoa ilikuwa jiwe. Uma ulipinda.

Nikampigia mama. Mama aliuza barafu za ukwaju Tandika zaidi ya miaka kumi. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye friza ile. Hakuuliza granita ni kitu gani.

"Sukari umeweka kiasi gani?"

Nikamwambia.

"Ndogo hiyo, mwanangu. Barafu ukiionja ingali maji, utamu uwe umezidi kidogo. Ikishaganda utamu unapungua. Na sukari ikiwa haba inakaza, watoto wanakurudishia."

Ndivyo ilivyo hasa. Sukari huyazuia maji yasigande yote kwa pamoja, na ubaridi hupunguza utamu mdomoni. Mama alivijua vyote viwili kwa kuonja tu.

Sasa naweka gramu 100 kwa nusu lita, naikoroga kahawa ikiwa bado ya moto. Ikishapoa naimimina kwenye trei pana ya bati. Baada ya nusu saa pembeni panaanza kushika, napakwangua kwa uma na kuchanganya na katikati. Hivyo hivyo kila nusu saa, mpaka iwe chengachenga zinazong'aa, kama saa tatu hivi. Umeme ukikatika usiifungue friza, subiri.

Jumapili mama akaja. Brioshi sikuwa nayo, nikamwekea kashata za nazi. Alikula taratibu, kijiko kimoja, kipande cha kashata, kijiko kingine. Iliyoyeyuka chini ya bilauri akainywa, akaisogeza bilauri kwangu.

"Niongezee."