Mstari wa pili wa bili ya fundi baiskeli

Bili ya fundi baiskeli huku ughaibuni ina mistari miwili. Wa kwanza ni vipuri: cheni, pedi za breki, waya wa gia. Wa pili ni kazi, na huo ndio unaouma, kwa sababu mara nyingi unaupita wa kwanza. Waya mwembamba kama uzi unabebeshwa malipo ya mkono wa mtu, na aliyezoea kuhesabu kipuri peke yake huisoma risiti mara mbili akidhani kuna kosa. Hakuna kosa. Fundi ana pango, ana zana, ana ujuzi, na saa yake ina bei. Ila nusu ya kazi anazolipwa zinataka spana chache, subira na baiskeli isiyoyumba. Spana watu wananunua. Subira wanajifunza. Baiskeli isiyoyumba ndiyo inayowashinda, wanaishia kuigeuza magurudumu juu badala ya kununua stendi ya kuitundikia.

Kwa pancha, igeuze, hakuna neno. Kwa gia ni kujitesa: vibonyezo vya gia viko chini sakafuni, kengele na taa zinabeba uzito wa fremu, na kila kitu unakiona kinyume. Breki za mafuta zina ubaya wa ziada. Hewa kidogo iliyotulia juu ya kitangi cha mkono wa breki hupata njia ya kuingia kwenye bomba, na ukiisimamisha baiskeli mkono wa breki unazama hadi usukani. Likikupata hilo, iache imesimama wima kwa muda, kisha bana na kuachia breki mara nyingi mpaka ukaze tena. Usiingie barabarani kabla haujakaza.

Kwa hiyo, stendi ya kukunja: nguzo yenye miguu inayoishika baiskeli juu ya sakafu wakati unaitengeneza. Ziko za aina mbili, na kuchagua kati yake ni suala la baiskeli uliyonayo kuliko la mfuko.

Aina ya kwanza ina taya kama za jiliwa, zinazoshika bomba la siti, yaani lile linaloibeba siti na kuchomoka juu ya fremu, na kuining'iniza baiskeli hewani. Ya pili haina taya: unavua gurudumu moja, unafunga foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) au mkia wa fremu kwenye kishikio, na tumbo la fremu, pale krenki, mikono ya pedeli, zinapozungukia, linakaa juu ya kitako. Hii ya pili imetulia sana na haibani bomba lolote, ndiyo maana wenye fremu za kaboni wanaipenda. Shida zake ni mbili. Kishikio lazima kilingane na ekseli yako, mhimili wa gurudumu: ya kizamani ya kufungua haraka ni milimita 9 kwa upana wa 100 mbele, za baiskeli za barabarani zenye breki za diski nyingi ni 12 kwa 100, za milimani za siku hizi nyingi ni 15 kwa 110. Pima kabla ya kulipa, au hakikisha adapta zimo ndani ya boksi. Pili, fremu nyingi za zamani zimepitisha waya za gia chini ya tumbo hilo hilo. Kitako kikizibana, utarekebisha gia nusu siku, uishushe baiskeli, na gia zote ziwe zimehama. Utalaumu waya bure.

Kwa mtu mwenye baiskeli ya kawaida ya chuma au alumini, ningesema taya, bila kusita. Magurudumu yote yanabaki mahali pake, unazungusha pedeli, unabadilisha gia, unaona tatizo lilipo.

Sasa, taya zenyewe ndizo unazozilipia, mengine ni mapambo. Za kufunga kwa skrubu ndefu ni za bei ya chini na hufanya kazi, lakini mkono mmoja umebeba baiskeli huku wa pili unazungusha na kuzungusha. Za mkono wa kubana mara moja, wenye kirungu cha kurekebisha upana, zinakuokoa hapo. Angalia mipira ya ndani: iwe laini, mipana, na iuzwe peke yake. Stendi isiyouzwa mipira yake ni stendi ya kutupa. Mabomba ya siti ya mviringo mengi ni milimita 27.2, 30.9 au 31.6, na taya nzuri zinayameza yote. Hakikisha pia una sentimita 7 hadi 10 za bomba tupu chini ya siti. Kama siti imeshuka mno, weka alama ya utepe kwenye kimo chako, ipandishe bila kuvuka mstari wa mwisho uliochorwa kwenye bomba, kaza, ndipo ubane. Futa vumbi kwanza. Mchanga ndani ya taya ni msasa.

Usibane kamwe bomba la juu la fremu ya kaboni. Kuta zake ni nyembamba, zimetengenezwa kubeba mzigo kwa urefu na si kufinywa ubavuni, na ufa unaweza kukaa ndani usiuone. Bomba la siti la kaboni lililo la mviringo hubanwa kwa upole, kama mtengenezaji ameruhusu. Lililochongwa bapa kwa ajili ya upepo, nenda aina ya pili. Na bomba la siti la kupanda na kushuka kwa kitufe lisishikwe kwenye sehemu inayong'aa. Mkwaruzo mmoja hapo unaharibu sili. Shika ganda la chini lisilosogea.

Miguu. Mitatu haichezi hata sakafu ikiwa na mawimbi, lakini inatawanyika na utajikwaa. Yenye miguu miwili mirefu pamoja na kitako cha nguzo hukunjwa bapa zaidi. Kwa vyovyote, baiskeli inaning'inia upande mmoja wa nguzo, kwa hiyo lazima kuwe na mguu chini ya uzito huo. Wengi huufungua vibaya, kisha wanasema stendi mbovu.

Uzito usomwe kwa makini, hasa na wenye baiskeli za umeme. Baiskeli ya kawaida ni kilo 9 hadi 15. Ya umeme huvuka 20 kwa urahisi. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya mzigo uliotulia, wakati wewe utakuwa unavuta spana. Baiskeli ya kilo 25 nisingeitundika kwenye stendi ya chini ya kilo 35. Vua betri kabla ya kuinua, ni kilo kadhaa zinazotoka mgongoni mwako.

Hata stendi nzuri haipendi nguvu za ghafla. Pedeli hukazwa kwa nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 35 hadi 40, kofia inayofunga gia za nyuma 40. Pedeli zilegeze baiskeli ikiwa bado sakafuni, ukumbuke ya kushoto hufunguka kinyume, kisha ndipo utundike; kofia ilegeze gurudumu likiwa limevuliwa, limesimama sakafuni. Ukivua gurudumu la nyuma, pua ya baiskeli inazidi uzito na kichwa cha stendi kinaweza kuzunguka: kaza kichwa kwanza, na ufunge usukani kwa mkanda usipige fremu.

Wewe unayejiandaa kuja, usibebe stendi. Hata ya alumini ni kilo 5 au 6 za mzigo wako, na ndefu kuliko sanduku. Pata chumba kwanza, upime: ikikunjwa huwa karibu mita moja, lakini ikifunguliwa na baiskeli juu inataka mita 2 kwa 1.5 ili uizunguke. Tandika kadibodi chini. Tone la mafuta ya cheni kwenye zulia la mwenye nyumba linakula amana yako, na utatamani ungemlipa fundi.

Iliyotumika ni sawa kabisa, tena nyingi hazina hata mkwaruzo. Inua nguzo hadi juu kabisa, ukandamize kwa mikono miwili: ikishuka yenyewe, pete ya kubania imekwisha. Tafuta nyufa kwenye pete za plastiki, pale boliti inapopita. Funga taya kwenye baiskeli, si hewani, kisha tikisa usukani. Kichwa kikizunguka kimekazwa, iache.

Kukata shina la foku na kubana beringi za kupachikwa kwa shinikizo kunataka zana za bei kuliko stendi yenyewe. Hapo lipa mstari wa pili bila kununa.