Kurasa Nne Kuhusu Idara Yetu ya Nishati

Mwezi uliopita mkuu wa ofisi yetu, ambaye sote tunamwita Mzee ingawa hajafikisha miaka sitini, aliniletea mezani fomu ya kimojawapo cha vitabu vya London vinavyopanga ofisi za mawakili duniani kwa madaraja, akaniagiza nijaze sehemu ya nishati kabla ya Ijumaa. Ofisi yetu iko ghorofa ya pili katika Mtaa wa Goliondoi, hapa Arusha. Tuko mawakili saba, na hiyo idara ya nishati ambayo fomu iliulizia ni mimi, karani mmoja, na kabati la chuma ambalo droo yake ya chini haijafungika tangu niajiriwe. Nilitakiwa kueleza kwa kurasa nne tumefanya nini na watu wanatusemaje. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilinichukua siku tano.

Kwa wasioijua shughuli hii, vitabu vinavyofahamika zaidi ni vya Chambers na vya Legal 500. Chambers hupokea kutoka kila ofisi orodha ya kazi zisizozidi 20, pamoja na majina ya watu wasiozidi 20 watakaoulizwa kuhusu mawakili wake. Watafiti huwaandikia watu hao au kuwapigia simu, kisha ofisi hupangwa daraja la kwanza, la pili na kuendelea. Kwetu Tanzania jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa kanuni za maadili ya uwakili hazituruhusu kujinadi kama wauza mitumba wa Memorial pale Moshi. Jina la wakili husambaa kwa maneno ya watu: kwenye korido za Mahakama Kuu, msibani, benki, kwenye foleni ya kusajili hati. Mwekezaji anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA kwa mara ya kwanza hana msiba wa kuhudhuria wala korido ya kusikilizia, kwa hiyo hukifungua kitabu. Sikidharau kitabu hicho. Ila fomu yake ina kisanduku cha thamani ya muamala kwa dola, na hapo ndipo kalamu yangu ilipogoma.

Iligoma kwa sababu mkataba wa umeme ulioipa nchi hii masumbuko makubwa kuliko yote ungekijaza kisanduku hicho vizuri sana. Mwaka 1995 TANESCO, shirika la umeme la taifa, na IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, walisaini mkataba wa miaka 20 wa kuuziana umeme wa megawati 100 kutoka Tegeta. Ndani yake kulikuwa na malipo ya uwezo wa mitambo, yaani fedha ambazo mnunuzi hulipa kila mwezi kwa sababu tu mitambo ipo na iko tayari, iwe imewashwa au imelala. Malipo hayo yalikokotolewa kutokana na gharama ya kujenga mradi, kwa hiyo kila dola iliyoongezwa kwenye gharama ile ingelipwa na mtumiaji wa umeme kwa miongo miwili. Kisha ikaonekana kwamba mahali pa mashine za dizeli za mzunguko wa taratibu zilifungwa za mzunguko wa kati, ambazo bei yake ni nafuu. Mgogoro ukapelekwa kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji cha Benki ya Dunia mwaka 1998, na uamuzi wa mwaka 2001 ukaiteremsha gharama ya kukokotolea malipo hadi dola za Marekani milioni 127 hivi. Umeme ukaanza kuuzwa Januari 2002.

Katika shauri lile TANESCO iliwakilishwa na Mkono & Co ya Dar es Salaam, wakisaidiana na Hunton & Williams ya Marekani, ofisi ambayo kazi za nishati ni sehemu kubwa ya sifa yake na ambayo mwaka 2018 iliungana na Andrews Kurth. Hunton & Williams ilianzishwa mwaka 1901 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Mji huo hauna lolote la kufanya na ile Richmond yetu, kampuni ya umeme wa dharura iliyosababisha Waziri Mkuu Edward Lowassa, mbunge wa Monduli hapo jirani, ajiuzulu Februari 2008. Hata hivyo nilipomtajia karani wetu jina la mji huo alicheka mpaka akaweka chini kikombe cha chai.

Nikiwa mwanafunzi nilisoma uamuzi ule wa mwaka 2001 kama ushindi, na ulikuwa ushindi kweli, kwa sababu bei ilishuka. Lakini ugonjwa ulibaki ndani ya mkataba. Mabishano juu ya malipo yakaendelea, fedha zikawekwa katika akaunti maalumu Benki Kuu, zikatolewa mwishoni mwa mwaka 2013, na nchi nzima ikajifunza neno escrow, yaani akaunti ya kushikilia fedha zinazogombaniwa, bila kwenda shule ya sheria. Desemba 2014 Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu akieleza kwamba ushauri wake kuhusu akaunti ile haukueleweka na umechafua hali ya hewa. Septemba 2016 kituo kilekile cha usuluhishi kikaiamuru TANESCO kuilipa Standard Chartered Hong Kong, iliyokuwa inalidai deni la mradi huo, dola milioni 148.4. Miaka ishirini na moja ilikuwa imepita tangu mkataba usainiwe, na mawakili walikuwa bado wanaandikiana barua.

Ndiyo maana napata shida na neno umahiri linapopimwa kwa kazi za mwaka mmoja. Wakili wa ardhi akikosea mpaka, mteja wake atajua msimu ujao wa kupanda. Wakili wa nishati akikosea tafsiri ya maneno mawili katika kifungu cha kwanza, huenda akawa amestaafu, ana kibao cha heshima ukutani na mjukuu sekondari, siku kosa lake linapoanza kulipwa kwenye luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ya mtu wa Ngarenaro hapa mjini.

Kwetu Kaskazini kazi si za ukubwa huo. Tuna Nyumba ya Mungu yenye megawati 8, na maji yaleyale hushuka Mto Pangani hadi Hale na Pangani Mpya upande wa Tanga. Tuna kiwanda cha sukari cha TPC pale Moshi, kinachochoma makapi ya miwa kupata umeme wake na kuiuzia TANESCO ziada. Na tuna wawekezaji wadogo wenye mashamba, hoteli au mito. Tangu mwaka 2008 mzalishaji mdogo asiyezidi megawati 10 huuza umeme kwa mkataba wa mfano, ulioidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambao wakili habadilishi hata nukta. Wateja wengi hushangaa nikiwaambia hivyo, na wapo wanaouliza kwa sauti ya upole kwamba sasa ada ni ya nini. Jibu ni kwamba mkataba wa umeme ndio karatasi rahisi kuliko zote kwenye faili. Kazi iko kwenye ardhi, kwenye mkopo, kwenye njia ya nguzo inayopita mashamba ya watu kumi na wanne, na juu ya yote kwenye maji.

Faili lililonikwamisha lilitokana na maji. Mwaka 2016 walikuja wazee watatu kutoka kijiji kimoja cha Hai, juu ya barabara kuu, wakiwa na rasimu ya kurasa arobaini na moja kwa Kiingereza, imefungwa ndani ya mfuko wa rambo ili isilowe. Mwekezaji alitaka kujenga mtambo mdogo wa chini ya megawati moja kwenye mto wao. Kwa ukubwa huo asingehitaji leseni ya EWURA, usajili tu ungetosha, na kijiji kingepata umeme, ajira chache na asilimia fulani ya mapato. Mzee aliyeongoza msafara, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mfongo, yaani mfereji wa maji wa kijiji, aliniambia, "Mwanangu, sisi tumekuja kusaini. Tuonyeshe tu pa kuweka dole."

Nilisoma rasimu usiku huo na sikuona tatizo. Nakiri hilo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi Mzee wa ofisi alinirudishia akiwa ameweka kidole kwenye ukurasa wa ishirini na sita, akaniuliza swali moja: "Januari mto ukipungua, nani anakatiwa?" Kifungu kilisema kampuni itapata kwanza kiasi cha maji kinachotosha kuendesha mtambo, na kilichobaki kitatumiwa na jamii kama ilivyozoea. Kwa mtu asiyewahi kuona mfongo, maneno hayo yana adabu zote. Anayeujua Uchagga anajua kwamba mfongo ni mfereji ambao babu alichimba, kila ukoo una zamu na siku yake, na maji ya Januari ndiyo yanayoamua kama migomba itafika masika. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inazitambua haki za kimila, lakini haki isiyoandikwa popote husimama kwa taabu mbele ya kibali chenye muhuri.

Tukawashauri wasisaini. Kwanza wajisajili kama jumuiya ya watumia maji, kisha waende Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo kwa bahati njema ofisi zake ziko palepale Moshi, waombe kibali cha mfongo wao kwa jina lao, ndipo mazungumzo na mwekezaji yaanze upya wakiwa na karatasi mkononi. Nilipanda nao hadi kwenye banio la mfongo kupima mtiririko. Mzee yule alipima kwa namna yake: aliweka jani la mgomba juu ya maji, akatembea kando yake huku akihesabu hatua kwa Kichagga, wakati kijana wa vipimo akifungua begi la vyombo. Tarakimu za kijana ndizo zilizoingia kwenye maombi.

Mchakato ulikula miezi kumi na moja. Mwekezaji alingoja mitano, akaandika barua fupi ya kutushukuru, akaenda kwingine. Mtambo haukujengwa. Kijiji kilipata umeme wa gridi kupitia mradi wa REA, wakala wa nishati vijijini, miaka miwili baadaye, na katika miaka hiyo miwili kila nilipopita kule nilisikia minong'ono kwamba wakili wa Arusha ametunyima taa. Mzee wa mfongo mwenyewe aliniambia bila kuficha, tukiwa tumekaa kwenye kigoda: "Maji uliyaokoa. Lakini wajukuu wangu walisoma kwa kibatari miaka miwili zaidi, na hilo pia ni lako." Sikuwa na la kujibu, na mpaka leo sina.

Sasa kazi hiyo unaiandikaje kwenye fomu? Thamani ya muamala ni sifuri, maana hakuna muamala. Jina la mradi halipo. Mwekezaji hayupo. Nilimwambia Mzee kwamba nitaiacha, niweke badala yake mkopo wa paneli za jua za hoteli moja ya kitalii, ambao una dola za kutosha na picha nzuri. Alinisikiliza, akauliza kama ule mkopo ulikuwa na ugumu wowote. Nikasema hapana, benki ilileta fomu zake na sisi tukaangalia tahajia. Akasema basi weka vyote viwili.

Kuna kazi nyingine niliyotaka kuitaja ingawa si yetu, nikaikata kwa kukosa nafasi. Novemba 2020 mashirika manne yalifungua shauri kuhusu bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga katika Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyo hapahapa Arusha. Tarehe 29 Novemba 2023 mahakama ililitupa kwa kuwa lilichelewa: Mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili tu, na kwa maoni ya majaji shauri lilipaswa kufunguliwa mwaka 2017. Hoja za mazingira hazikufika mahali pa kusikilizwa. Tangu hapo kalenda ya ukutani kwangu ina alama nyekundu nyingi kuliko ya karani, na mawakili wachanga wanaokuja kwetu kwa mafunzo naanza nao kwa tarehe kabla ya hoja yoyote.

Alhamisi jioni ilibaki sehemu ya watu wa kuulizwa. Meneja wa hoteli alijibu kwa dakika mbili. Kisha nikampigia mzee wa mfongo, kwani siwezi kutaja jambo la mteja bila ridhaa yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Maji yapo," akasema, kabla sijauliza lolote.

Nilimweleza kwamba kuna watu wa London wanaotaka kujua kama sisi ni mawakili wazuri, na kwamba huenda wakamwuliza yeye. Alinyamaza kidogo, akauliza kama watauliza na habari ya taa. Nikamwambia wakiuliza, aseme. Akakubali. Fomu ilitaka barua pepe yake na ilikataa kabisa kwenda ukurasa unaofuata bila hiyo, kwa hiyo nikaomba ya mjukuu wake anayesoma Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kwenye kisanduku cha maelezo ya ziada nikaandika kwamba mtoa taarifa apigiwe baada ya saa kumi na mbili jioni, akishatoka shambani, na kwamba atakayepiga awe anajua Kiswahili.